Tovuti Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Tovuti ya Kikundi cha Nyuki Hawalali, Itigi, ilikuwa na picha kumi na moja, na katika picha tisa alikuwamo mwenyekiti, Mzee Laurian. Amesimama kando ya mzinga. Ameketi mezani, kalamu mkononi, anaikazia macho karatasi isiyo na maandishi. Amevaa kofia ya wavu ya kulinia asali, sura haionekani hata kidogo, lakini maelezo ya chini yalihakikisha kuwa ni yeye. Picha ya kumi ilikuwa ya ofisi. Ya kumi na moja ilikuwa ya nyuki, na nyuki huyo, ukimtazama vizuri, alikuwa nzi. Yote hayo yalikuwa tayari tangu mwezi wa tatu, na katika dunia hii yenye watu mabilioni, walioyaona walikuwa wanakamati saba na fundi aliyeyapanga.

Kristina, katibu wa kikundi, hakulijua hilo. Alikuwa akitembea Itigi nzima kifua mbele, akiamini kikundi chake kimo mtandaoni kama vikundi vya wenzao walioendelea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenye mwandiko mzuri na kichwa chepesi, na kwa makosa hayo mawili alikuwa katibu kwa mwaka wa sita mfululizo.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane alitumwa Manyoni kwenye semina ya siku moja. Asubuhi nzima wataalamu wanne waliwaeleza wafuga nyuki umuhimu wa kufuga nyuki. Msemaji wa mwisho alikuwa dada mmoja mfupi aitwaye Faith, kutoka kampuni ya Arusha inayofungasha asali na kuipeleka nje. Yeye alizungumza dakika sita tu, na ndizo dakika pekee ambazo hakuna mtu aliyesinzia.

"Sisi hatupokei barua," alisema, "wala vipeperushi, wala namba za simu za kupeana mlangoni. Tulizipokea sana zamani. Ukienda unakuta kikundi ni mtu mmoja na shemeji yake. Siku hizi tunawatafuta wenyewe kwenye intaneti, kama mteja wetu wa nje atakavyowatafuta. Tukiwaona, tukaridhika kwamba mpo na asali mnayo, tutawapigia sisi. Orodha ya msimu huu tunaifunga tarehe thelathini na moja."

Wengine ukumbini waliguna. Kristina nusura acheke kwa furaha. Tovuti si wanayo? Alirudi Itigi jioni ile ile, na kesho yake akafanya jambo ambalo baadaye alitamani ulimi wake ungemkatalia. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake wote wa kikundi wenye asali na kuwaambia wasimuuzie Urbano.

Urbano alikuwa mlanguzi wa asali, mtu mpole, mcheshi, anayejua majina ya watoto wa kila nyumba. Kila msimu alikuja na ndoo yake mwenyewe ya kupimia. Ilikuwa ya lita ishirini kwa maneno, lakini ukiimiminia lita ishirini ilibaki inadai, na Urbano alikuwa akiitazama kwa huruma na kusema labda asali ya mwaka huu imekuwa nyepesi. Watu walimcheka wakiwa kwao na kumuuzia akiwa mlangoni.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mama mkwe wa Kristina mwenyewe, Asnath, ambaye pia ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa kikundi. Alimkuta uani anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na uso wa habari. Kaa."

Kristina akamweleza yote, ya Faith, ya Arusha, ya tarehe thelathini na moja. Asnath alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Mwanangu, Urbano ni mwizi," alisema mwishowe, "lakini ni mwizi anayekuja. Huyo wako wa Arusha, atakuja?"

"Atakuja, mama. Akitafuta tu, sisi hawa hapa."

"Haya. Wenzangu wakiniuliza, nitawaambia aliyesema ni wewe."

Basi ndoo mia moja na kumi na mbili zikakusanywa ghalani, nyuma ya stesheni, zote kwa neno la Kristina. Urbano alipokuja alikaribishwa maji, akanywa, akashukuru. Alisema hana kinyongo, atapita tena tarehe mbili mwezi wa tisa, ila wajue kuwa bei ya tarehe mbili haitakuwa bei ya leo. Akaondoka na ndoo yake, akiwapungia watoto mkono.

Ilikuwa siku ile Kristina alipotoa simu, kwa mara ya kwanza, na kuwatafuta wenyewe kama Faith atakavyowatafuta. Aliandika: Nyuki Hawalali Itigi. Injini ya kutafutia ikafikiri kidogo, ikamletea makala kuhusu usingizi wa wadudu, kwaya inayohimiza watu kukesha, nyumba ya wageni yenye malalamiko ya maji, na swali la mtu wa nchi ya mbali aliyetaka kujua kama ni kweli nyuki hawalali. Akaongeza neno asali. Vikaja vikundi vya Tabora, vingi, na picha za mizinga inayong'aa. Alishuka mpaka ukurasa wa nane, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika akiwa na akili timamu, na hakuona hata herufi moja ya kwao.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Laurian, akamkuta kibarazani.

"Shikamoo mzee. Nimetafuta tovuti yetu, haionekani."

"Marahaba. Haionekani?" Mzee Laurian akatoa simu yake kwa utulivu wa mtu anayejua jibu, akaipapasa mara mbili, akamgeuzia kioo. "Na hii ni nini? Si mimi huyu? Kila asubuhi naifungua kabla ya chai."

"Mzee, wewe unaijua anwani. Simu yako imeshaizoea. Mnunuzi haijui. Yeye anaandika jina tu, anangoja aletewe."

"Mpe anwani."

"Hapokei, mzee. Amesema anatafuta mwenyewe."

"Basi huyo si mnunuzi," alisema Mzee Laurian. "Mtu anataka kununua, halafu hataki kuambiwa duka liko wapi. Wewe utakuwa umeandika vibaya. Rudia taratibu."

Kristina alirudia taratibu kwa siku mbili. Ya tatu, tarehe kumi na tisa, alipanda gari kwenda Singida mjini kumwona fundi.

Fundi wao aliitwa Anuari. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, na katika chumba hicho alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, alijaza fomu za vyeti vya kuzaliwa na kutengeneza tovuti, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Alikuwa kijana wa mjini, mwenye maneno mengi na ndevu chache.

"Dada Kristina, karibu sana. Tatizo dogo hilo. Kuna namna ya kuiuliza injini yenyewe, haiwezi kukuficha. Angalia." Akaandika neno site, akaweka nukta mbili zilizopandana, na bila kuacha nafasi akamalizia na anwani ya kikundi. "Hapa umemwambia karani akutolee faili lote la hawa watu, kila ukurasa alionao. Kuna watu wanakuja na kurasa mia. Kuna wanaokuja na mbili."

Alibonyeza. Kilichokuja kilikuwa sentensi moja ya adabu, kwamba hakuna matokeo yoyote yanayolingana na walichotafuta.

"Hamna faili," alisema Anuari.

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata nusu. Injini ina daftari lake, dada. Usipoandikwa kwenye daftari, hata ungekuwa na picha za dhahabu, wewe hupo." Akaingia ndani ya tovuti, akafungua sehemu ya mipangilio, akashuka chini. Palikuwa na kisanduku kidogo, na kando yake maandishi: zuia injini za utafutaji zisioneshe tovuti hii. Ndani ya kisanduku ilikaa tiki, imetulia, haina wasiwasi.

"Nani kaweka hiyo?" Kristina aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini, Anuari?"

Anuari akavuta droo. Alikuwa mtu wa kupoteza funguo, chaji na ahadi, lakini barua hakuwahi kupoteza, kwa kuwa barua ndizo zilizomwokoa na wateja. Akamwekea moja mezani. Ilikuwa na kichwa cha kikundi, namba ya kumbukumbu na muhuri uliokaa sawasawa. Ilisema kwamba kamati, katika azimio lake la saba, imeamua tovuti isionekane na mtu yeyote nje ya kamati mpaka hapo itakapozinduliwa na mgeni rasmi, ili uzinduzi uwe na maana. Chini palikuwa na saini ya katibu.

Ilikuwa saini yake. Mwandiko mzuri, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa vizuri. Akakumbuka kile kikao. Azimio la saba kati ya tisa, wali umeshanukia, naye aliandika kama anavyoandika yote wanayosema, bila kuuliza maneno yale yatakwenda kufanya nini huko yaendako. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amekuja kumgombeza mtu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye.

"Itoe hiyo tiki," alisema.

"Naitoa hata sasa hivi. Nipe barua."

"Barua naandika mimi huyu huyu."

"Ndiyo, kaandike. Mwenyekiti aliniambia mwenyewe, bila barua nisiguse, na mimi sitaki kesi na wazee." Kisha akalainisha sauti. "Ila msichelewe, dada. Kutoa tiki leo siyo kuonekana leo. Ile injini inapita kwa ratiba zake. Ninaweza kuiomba ipite, kuna mahali pa kuomba, lakini kuomba ni kuomba. Siku nne, wiki, wiki mbili. Wengine mwezi."

Kesho yake Kristina aliitisha kamati. Hapa inabidi isemwe, kwa faida ya wageni, kwamba kwetu kitu hakianzi kufanya kazi kwa kuwa kimekamilika. Kisima kinaweza kuwa na maji na watu wakaendelea kunywa ya bwawani kikisubiri kukatiwa utepe. Tovuti ya Nyuki Hawalali ilipangwa kuzinduliwa mwezi wa nne, mgeni rasmi akapata udhuru. Ikapangwa mwezi wa sita, akapata safari. Ikapangwa mwezi wa saba, akapata udhuru wa safari. Kikundi kilikwishashona fulana thelathini, kikaagiza keki yenye umbo la mzinga, na kununua mita mbili za utepe mwekundu, ambazo baada ya majadiliano marefu ziliamuliwa zizungushiwe kompyuta, kwa kuwa intaneti yenyewe haina mlango.

Kristina aliwaeleza wazee wale kila kitu, kisanduku, tiki, daftari la injini, tarehe thelathini na moja. Alieleza vizuri. Walimsikiliza vizuri pia, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Mimi nina swali moja," alisema Mughwai, mhazini, mzee mrefu aliyependa kuuliza maswali yenye majibu ndani. "Tukiifungua kabla, mgeni rasmi atakuja kuzindua nini? Utamwita mtu aje kufungisha ndoa ya watu wenye watoto wanne?"

Kamati ikacheka, na Kristina akajua ameshindwa.

"Huyu ndiye aliyetuahidi umeme wa ghalani," aliongeza Mzee Laurian. "Akisikia tumemtangulia, umeme ndio basi. Katibu, andika. Tovuti ibaki ilivyo. Mgeni rasmi abembelezwe aje haraka."

"Mzee, ndoo mia moja na kumi na mbili zipo ghalani. Za wake zenu zimo."

"Asali haiozi," alisema Mughwai, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.

Mgeni rasmi akabembelezwa, na maajabu hayaishi, akakubali. Alhamisi, tarehe ishirini na saba. Kamati ilipiga makofi. Kristina alihesabu kwa vidole chini ya meza, kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu tarehe thelathini na moja, akapata siku nne, na moja ya hizo ilikuwa Jumapili. Hazitoshi. Akaandika muhtasari wote, azimio kwa azimio, akaenda nyumbani, akaketi kitandani na muhuri wa kikundi mapajani.

Katika miaka sita ya ukatibu hakuwahi kuhamisha hata koma. Aliogopa. Si mwenyekiti aliyemwogopa, ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Alichukua karatasi yenye kichwa cha kikundi akaandika kwamba kamati imeridhia tovuti ifunguliwe mara moja kwa majaribio. Ulikuwa uongo, na ulikuwa umeandikwa vizuri sana. Akagonga muhuri, akapiga picha, akaituma kwa Anuari. Ijumaa saa tatu asubuhi Anuari alijibu kwa maneno mawili: imetoka, nimeomba.

Kuanzia hapo kila siku ya Kristina ilianza na sentensi moja. Kabla ya kuwasha moto, kabla ya kusalimiana na mumewe, aliandika site, nukta mbili, anwani. Jumamosi, hakuna matokeo. Jumapili, hakuna. Jumatatu alijaribu mara nne, kana kwamba injini ingemwonea haya. Jumanne Asnath alimuuliza kama yule wa Arusha ameshawaona, naye akajibu bado kidogo, mama, huku akijisikia mdogo kuliko punje ya mtama. Jumatano hakuna. Alhamisi yenyewe, alfajiri, hakuna.

Uzinduzi ulikuwa wa saa nne. Mgeni rasmi alifika saa nane, itifaki ikazingatiwa, na wote waliokuwapo wakatambulishwa, pamoja na wasiokuwapo. Risala, ambayo ilikuwapo pia kwenye tovuti, ilisomwa kurasa nne. Kisha kompyuta ikaletwa meza kuu imefungwa utepe kama mgonjwa wa meno, mkasi ukatolewa kwenye sahani yenye kitambaa, utepe ukakatwa, kikundi kikapiga vigelegele. Mzee Laurian akaandika anwani kwa kidole kimoja, na uso wake ukatokea ukutani, mkubwa kuliko dirisha, kwa msaada wa projekta ya Anuari.

Hapo ndipo ingekuwa mwisho, keki ikaliwa, watu wakaenda zao. Lakini mgeni rasmi alikuwa na binti anayesomea kompyuta, na mzazi wa namna hiyo hawezi kupita karibu na kibodi akanyamaza.

"Mwenyekiti, hongera," alisema. "Ila mimi ni mwananchi wa kawaida, hiyo anwani siijui. Nitawapataje? Hebu tuwatafute kwa jina."

Akainama, akaanza kuandika. Kristina, aliyekaa nyuma na daftari la kumbukumbu, aliacha kuandika. Wasipoonekana, kikundi kimeumbuka mbele ya watu wote, na Arusha ndio basi. Wakionekana, mtu yeyote mwenye akili atauliza imewezekanaje. Hakujua aombe lipi. Kisha akagundua kuwa alikwisha kuomba bila kufikiri: waonekane.

Walionekana. Wa kwanza kabisa, juu ya kwaya, juu ya nyumba ya wageni: Kikundi cha Nyuki Hawalali, Itigi. Kristina alifumba macho. Raha aliyoisikia ilimzidi, akaiacha imwenee mpaka vidoleni.

"Ajabu," alisema mgeni rasmi, akautazama mkasi ulio mkononi mwake kwa heshima mpya. "Yaani nimekata utepe sasa hivi tu na dunia nzima imeshawaona."

Makofi yakapigwa, na Mzee Laurian akainamisha kichwa kukubali sifa. Mambo yote yangesalimika pale. Lakini kando ya projekta alisimama fundi ambaye kwa siku sita ameiomba ile injini asubuhi na jioni, na sasa sifa zilikuwa zinapewa mkasi. Kuna dhuluma ambazo moyo wa fundi hauwezi kuvumilia.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Anuari. "Hiki kitu si cha dakika moja. Niliifungua mimi tangu Ijumaa. Nimehangaika nayo wiki nzima."

Nje mbuzi mmoja alilia, akaona hakuna anayemjibu, akaacha.

"Ijumaa," alisema mgeni rasmi. Akauweka mkasi kwenye sahani. "Kwa hiyo mimi leo nimezindua nini?"

Mgeni rasmi akakumbuka kuwa ana udhuru, akaondoka bila kuonja keki, na gari lake lilipopotea Mzee Laurian akamgeukia Anuari na kumuuliza ni nani aliyemtuma. Anuari, kama kawaida yake, alikuwa na barua. Kristina hakusubiri isomwe.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Niliandika mimi, kamati haikuridhia."

Ijumaa kamati iliketi kumwondoa. Kulikuwa na kikwazo kimoja tu, kwamba hakuna mwingine aliyeweza kuandika muhtasari. Mughwai alijaribu, akafika kwenye maneno 'kikao kilifunguliwa kwa sala', akatoa jasho, akamrudishia kalamu. Kwa hiyo Kristina aliandika mwenyewe jinsi alivyoghushi, jinsi alivyolidhalilisha jina la kikundi, na jinsi alivyofukuzwa kwa kura sita. Ya saba ilikuwa yake na hakuulizwa.

"Na tangazo liwekwe kwenye tovuti," alisema Mzee Laurian. "Ukurasa wa mbele. Andika. Umma unatahadharishwa kwamba mtu huyu si katibu tena wa Nyuki Hawalali. Jina lake lote. Picha yake."

"Na namba yake ya simu," alisema Mughwai. "Watu wasije wakampigia kwa bahati mbaya."

"Namba yake, ndiyo. Asipigiwe simu na mtu yeyote kuhusu asali ya kikundi."

"Asali ipi? Fafanua, mwenyekiti. Anaweza kusema ni asali nyingine."

Mzee Laurian akafafanua. Asali ya nyuki wakubwa na wadogo, ndoo mia moja na kumi na mbili za lita ishirini, ya msimu huu, iliyochujwa, iliyopo ghala la kikundi nyuma ya stesheni ya Itigi, ambayo bado haijauzwa kwa mtu yeyote. Kristina aliandika kila neno. Herufi zilimchezea machoni, lakini mwandiko haukutetereka. Alipomaliza akaweka muhuri mezani, akatoka nje, akalia nyuma ya ghala ambako hakuna aliyemwona.

Jumamosi Asnath alimfuata nyumbani. Hakuketi.

"Wenzangu wananiuliza," alisema. "Urbano ameonekana Manyoni. Na wewe sasa hata ukatibu huna."

"Nisamehe, mama."

"Sijaja kwa msamaha. Nauliza kama kuna mtu anakuja."

Kristina alikuwa angali anatazama kila asubuhi, kwa mazoea tu, na Jumapili alipoandika site, nukta mbili, anwani, faili lilikuwa limenona. Kurasa tano. Ya kwanza ilikuwa picha yake, na tangazo. Ile injini iliyochukua siku sita kuikubali asali yao ilikuwa imeikubali aibu yake kwa siku mbili.

Jumatatu, tarehe thelathini na moja, saa tisa alasiri, alikuwa anafua simu ilipoita. Namba ngeni.

"Habari za mchana. Naongea na Kristina?"

"Ndiye."

"Naitwa Faith, wa kampuni ya asali, Arusha. Naomba radhi, dada, nimesoma hapa kwamba nisikupigie."

Kristina alikaa chini, palepale kwenye maji ya sabuni.

"Nimeisoma tovuti yenu yote," Faith aliendelea. "Risala nimesoma. Mzee nimemwona, mara tisa. Sikupata mnauza nini, kiasi gani, kipo wapi, wala nimpigie nani. Nilikuwa naifunga, ndipo nikafika kwenye tangazo lako. Ndoo mia moja na kumi na mbili, imechujwa, nyuma ya stesheni. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ila mimi si katibu tena."

"Nimeona. Aliyeandika hilo tangazo ni nani?"

"Ni mimi."

"Nilidhani," alisema Faith. Akataja bei, na Kristina akamwomba airudie, kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini. Sampuli watapima papo hapo ghalani. Gari lingefika Jumamosi, saa moja asubuhi.

Habari Itigi hazihitaji injini. Kabla ya magharibi Mzee Laurian alikuwa ameshafika ghalani, alikomkuta Kristina na Asnath wanahesabu ndoo, na alikuja na uso wa mtu aliyesamehe mengi.

"Nimesikia," alisema. "Ni matunda ya tovuti, nilisema tangu mwanzo. Sasa, gari la watu wa Arusha haliwezi kuja likapakia hivihivi kama la mkaa. Lipokelewe. Keki tutaagiza nyingine. Mgeni rasmi yule amekasirika, nitatafuta mwingine, nipeni muda tu. Gari linakuja lini?"

Kristina alimtazama. Alikuwa mtu aliyeandika ukweli wa watu wengine kwa miaka sita.

"Jumatatu, mzee," alisema. "Saa nne."

"Saa nne ni nzuri. Mgeni rasmi nitamwambia saa mbili." Akaondoka haraka, simu tayari sikioni.

Asnath alingoja mpaka viatu vya mzee vikaacha kusikika kwenye kokoto.

"Umeniambia Jumamosi."

"Ni Jumamosi, mama. Saa moja asubuhi."

Mama mkwe akaufungua ufunguo wa ghala kwenye pindo la kanga, akautazama kidogo, akaufunga tena kwa fundo gumu zaidi.

"Basi saa kumi na mbili nitakuwa nimeshafungua," alisema.